Pak Se-ri: alikuwa mkali kweli, au anabebwa na sifa ya kufungua njia?

Ukitaja gofu ya wanawake ya Korea Kusini watu wanakuletea picha moja tu. Binti wa miaka 20 kavua viatu na soksi, kaingia kwenye maji, miguu imeungua jua mpaka kwenye kifundo halafu nyayo nyeupe pee, anajaribu kuuchomoa mpira uliokwama kwenye majani ya ukingoni. Hiyo ni Julai 1998, uwanja wa Blackwolf Run, Wisconsin, US Women's Open. Kwao Korea wakati huo hali ilikuwa mbaya, Desemba 1997 nchi ilikuwa imeenda kupiga magoti IMF, viwanda vinafungwa, watu wanapoteza kazi, sasa anatokea binti wa Daejeon anawafunga Wamarekani kwao, basi ile picha ikaingizwa mpaka kwenye tangazo la TV la kuwatia wananchi moyo. Tangu hapo Pak Se-ri akawa zaidi ya mchezaji, akawa alama ya taifa.

Na ubishi unaanzia hapohapo. Kuna wanaosema huyu ndo mama wa gofu ya Korea na mjadala ufungwe, na kuna wanaosema tunamkuza mno, kwamba kilichombeba ni wakati aliotokea. Mi naona pande zote mbili zina hoja, ila zote zinaruka kitu kilekile, yaani gofu yenyewe aliyoicheza.

Tuanze na wanaompinga maana hoja zao si za kipuuzi. Kwanza hakuwa Mkorea wa kwanza kushinda LPGA, ile ligi ya gofu ya kulipwa ya wanawake ya Marekani. Huyo ni Ku Ok-hee, alishinda Turquoise Classic kule Arizona mwaka 1988, miaka kumi kabla. Ku alikuwa kwenye kundi la kwanza kabisa la wanawake waliopata leseni ya kulipwa Korea mwaka 1978, enzi hizo hata mashindano ya kueleweka hayapo, akaondoka akaenda kutafuta riziki Japan na huko akakusanya ushindi 23, na nyumbani 20. Sasa mwanamke wa namna hiyo akafariki 2013 na wengi nje ya Korea hata jina hawalijui. Baada yake akaja Ko Woo-soon, akashinda mashindano ya LPGA yaliyofanyika Japan, 1994 na tena 1995. Kwa hiyo mlango ulishasukumwa mara tatu kabla Se-ri hajafika.

Hoja yao ya pili mi naona ndo nzito zaidi. Wakorea waliokuja Marekani mara tu baada yake hawakuwa watoto wake. Kim Mi-hyun kazaliwa 1977 kama yeye, alichukua tuzo ya mchezaji bora mgeni 1999. Han Hee-won akaichukua 2001. Grace Park, huyu alikulia gofu ya Marekani tangu utotoni, akashinda Kraft Nabisco 2004, moja ya meja, yaani yale mashindano makubwa kabisa ya gofu. Hawa wote walishakuwa wachezaji wazuri kabla ya lile bwawa, sa utasemaje wametokana na lile bwawa? Wimbi lilikuwa linakuja, mwenzao akatangulia tu kufika. Na alifika akiwa na Samsung nyuma yake kama sponsa na kocha David Leadbetter kule Florida, wakati Ku Ok-hee hakuwa na mashine ya namna hiyo.

Halafu kuna la tatu: hakuwahi kuwa mchezaji bora wa mwaka wa LPGA. Hata mara moja. Hata tuzo ya wastani bora wa mipigo aliyoipata 2003, wanaopenda kuchokonoa watakukumbusha kwamba Annika Sörenstam, yule Mswidi aliyetawala gofu ya wanawake enzi hizo, alikuwa na wastani mzuri zaidi mwaka huo ila hakucheza raundi za kutosha kuingia kwenye hesabu. Ni kweli hilo, halikanushiki.

Haya, upande wa pili. Wanaomtetea huwa wanakimbilia orodha ya warithi, na orodha yenyewe inatisha. Kati ya 1998 na 2020 Wakorea wamebeba US Women's Open mara 11, wachezaji kumi tofauti. Inbee Park alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi 1998, aliiona kwenye TV, miaka kumi baadaye akashinda shindano lilelile akiwa na miaka 19 na kuivunja rekodi ya Se-ri ya bingwa mdogo kuliko wote. Choi Na-yeon alizaliwa 1987, Shin Ji-yai 1988, Kim In-kyung 1988, angalia tu hiyo miaka ya kuzaliwa ilivyorundikana. Choi akaja kushinda US Women's Open 2012 palepale Blackwolf Run, na Se-ri mwenyewe yupo pale anamkumbatia. Huwezi kuniambia hiyo ni bahati tu ya kalenda. Ku Ok-hee alipigana vita yake vizuri lakini ushindi wake haukuonekana sebuleni kwa watu, hakuna mtoto aliyeamka usiku kuutazama, na mtoto haigi asichokiona.

Kwa hiyo kwangu mimi hili la nani wa kwanza linaisha hivi: wa kwanza kushinda ni Ku, wa kwanza kufuatwa ni Se-ri. Ni kazi mbili tofauti na sioni sababu ya kumnyang'anya mmoja ili kumpa mwingine.

Ila sasa turudi kwenye mchezo maana hapo ndo pamesahaulika. Lile pigo la majini lenyewe, tuseme ukweli, halikuwa pigo la maajabu. Lilikuwa shimo la 18 la mechi ya kuamua ya Jumatatu, yeye na Jenny Chuasiriporn, mchezaji wa ridhaa aliyekuwa bado anasoma chuo cha Duke. Mpira aliutoa tu ukarudi kwenye nyasi, akamaliza shimo mpigo mmoja juu ya kiwango, na aliponea kwa sababu Jenny alikosa pigo la kumaliza mechi. Wakalingana, mipigo 73 kwa 73, wakaendelea shimo kwa shimo, na kwenye la pili Se-ri akapenyeza mpira mrefu shimoni, basi. Jumla mashimo 92. Ushujaa wa siku ile ni ule wa kukataa kufa, kiufundi haikuwa gofu yake nzuri hata kidogo.

Gofu yake nzuri ilikuwa sehemu nyingine. Miezi miwili kabla ya hapo, akiwa mgeni kabisa kwenye ligi, alishinda LPGA Championship akiongoza kuanzia raundi ya kwanza mpaka ya mwisho. Na siku chache tu baada ya Blackwolf Run, mtu mwingine angekuwa kitandani, yeye akaenda Ohio kwenye shindano la Jamie Farr akapiga raundi ya mipigo 61 tu, rekodi ya LPGA kwa wakati huo, akashinda kwa tofauti ya mipigo tisa. Tisa bana! Hilo shindano alikuja kulishinda mara tano.

Halafu 2001 mpaka 2003, hiki kipindi ndo ningependa watu wakitazame upya. Ushindi mara tano, tena mara tano, halafu mara tatu. British Open ya 2001 pale Sunningdale alifunga raundi ya mwisho kwa 66 na wa pili akawa Kim Mi-hyun, Wakorea wawili juu ya kila mtu. LPGA Championship tena 2002. Huo ni ushindi mara 13 ndani ya miaka mitatu, namba ambayo zama zozote nyingine inakupa tuzo ya mchezaji bora bila maswali. Tatizo ni kwamba miaka hiyohiyo mitatu Annika alishinda LPGA mara 25, pamoja na mara 11 kwa mwaka 2002 peke yake. Karrie Webb, bingwa wa Australia, naye yupo pembeni. Se-ri alikuwa kama mwanafunzi anayepata alama 95 kwenye darasa ambalo kuna mtu anapata 99 kila mtihani, mwalimu atakayekuja kusoma ripoti miaka ishirini baadaye ataona tu "namba mbili".

Na kitu kinachonishangaza kwamba hakitajwi: mechi za kuamua, pale mnapolingana na mmoja lazima aondoke, kwenye LPGA alicheza sita na akashinda zote sita. Ya mwisho mwisho ni 2010 Alabama, ushindi wake wa 25 na wa mwisho. Ila tamu kuliko zote kwangu ni ya 2006, LPGA Championship pale Bulle Rock, Maryland, dhidi ya Webb. Wakati huo watu walishamzika. Alishinda 2004 akatimiza pointi za kuingia jumba la mashujaa wa gofu, halafu akaporomoka, 2005 ikawa aibu tupu, kidole kinauma, mipira haiendi anakotaka. Anarudi, analingana na mwanamke mwenye meja saba, na kwenye shimo la kuamua anapiga kutoka yadi 201 mpira unasimama jirani kabisa na shimo. Pigo hilo lingepaswa kuwa kwenye tangazo, lakini 2006 Korea haikuwa na shida ya kuhitaji shujaa.

Kuna upande mmoja wa urithi wake ambao unanikwaza na wanaomshangilia huwa wanaupita haraka. Baba yake, Pak Joon-chul, alimlea kwa mazoezi ambayo simulizi zake zimeandikwa dunia nzima: ngazi za jengo kupanda na kushuka, usiku makaburini ili asiwe mwoga. Baada ya 1998 mzazi wa Kikorea mwenye binti na uwezo kidogo akaona mfumo huo unalipa, ndo tukapata kizazi cha wasichana waliopiga mipira tangu alfajiri mpaka usiku wakiwa shule ya msingi. Se-ri mwenyewe aliporudi nyumbani mwishoni mwa 1998 alilazwa hospitali kwa uchovu. Sasa wanaosema alifungua njia wakubali pia kwamba njia yenyewe ilikuwa na miiba, na wengi waliopita humo hatujui majina yao kwa sababu hawakufika. Simlaumu yeye kwa hilo, alikuwa mtoto. Lakini ukihesabu Inbee kama faida yake, na hao wengine uwahesabu.

Jumba la mashujaa aliingia 2007, Mkorea wa kwanza, akastaafu Oktoba 2016 miezi miwili baada ya kuwa kocha wa timu ya Korea ambayo Inbee aliichezea akapata dhahabu ya Olimpiki ya Rio. Na Inbee ndo mtu sahihi wa kumlinganisha naye. Inbee ana meja saba na ushindi 21, alikaa namba moja duniani, mwaka 2013 alibeba meja tatu mfululizo. Se-ri ana meja tano, ushindi 25, ile Kraft Nabisco hakuipata kamwe, na orodha ya ubora wa dunia ya wanawake ilianza 2006 wakati kilele chake kishapita. Kwenye karatasi Inbee anamzidi na mi sibishani nalo. Lakini Inbee hakukutana na Annika wa 2002, na ukiniambia nichague mmoja acheze mechi ya kuamua Jumatatu, shimo kwa shimo, nyumba yangu ndo rehani, nampa fimbo Se-ri.