Nani Kasema Kulia Msibani Ni Ushamba?

Tulikuwa tunachanga kwa ajili ya msiba wa shemeji yetu, kila mtu anataja alichonacho kwenye kundi la familia, mara binamu yangu mmoja, msomi wetu, akaangusha waraka. Wenzetu Ulaya, anasema, wanazika kwa nusu saa na mchana watu wako kazini. Sisi ni turubai, sufuria za pilau na vilio siku tatu, ndiyo maana hatuendi mbele. Akamalizia kwamba ustaarabu ule haukuanza jana, una mizizi yake Roma. Watu wakamgongea dole gumba. Mimi nikatuma mchango wangu nikanyamaza, kwa heshima ya marehemu. Sasa marehemu keshazikwa, na adabu yangu imekwisha.

Roma! Katika miji yote ya dunia, kachagua Roma.

Mrumi mwenye uwezo akikata roho, kwanza ndugu walimwita jina lake kwa sauti, tena na tena, labda ataitika. Kisha akafumbwa macho, akaoshwa, akapakwa mafuta, akavalishwa toga, vazi rasmi la Warumi, na kulazwa ukumbini miguu ikielekea mlangoni. Nje likawekwa tawi la mberoshi ili mpita njia ajue humu mna msiba. Wengine walitiwa sarafu mdomoni, nauli ya Charon, nahodha wa kuvusha wafu. Siku ya kumtoa, wapiga filimbi na tarumbeta walitangulia, na pamoja nao wanawake waliokodiwa kulia. Nasema waliokodiwa. Sisi bado tunalia bure. Wale walifumua nywele, wakajipiga vifua na kumwimbia marehemu sifa zake, na hakuna aliyewaambia wajikaze.

Tena hayo ni madogo. Polybius, Mgiriki aliyeishi Roma karne ya 2 KK, ameeleza jinsi koo kubwa zilivyotunza nyumbani sura za nta za wazee wao waliokwisha kufa. Akifa mkubwa mwingine, sura zile zilitolewa, wakatafutwa watu wenye kimo na umbo la wale wazee wazivae. Aliyekuwa konsuli, kiongozi mkuu wa serikali, mvaaji wake alivaa toga yenye pindo la zambarau na kupanda gari la farasi. Wakifika barazani mjini wanakaa kwa safu kwenye viti vya pembe za ndovu, halafu mtoto wa marehemu anapanda jukwaani kumsema baba yake, na baada yake anawasema wale wazee mmoja mmoja, kuanzia wa zamani kabisa. Babu na babu wa babu wote wamehudhuria, binamu. Ungewapa nusu saa?

Hata mizaha ilikuwepo. Kaisari Vespasian alipofariki mwaka 79 BK, mchekeshaji aitwaye Favor alivaa sura yake na kumwigiza. Akauliza mazishi haya yamegharimu kiasi gani. Akaambiwa sesterti, sarafu za Roma, milioni 10. Akasema, nipeni laki moja mkanitupe mto Tiber. Marehemu alikuwa maarufu kwa ubahili, na watu walimcheka mbele ya jeneza lake. Mtani wa msibani kwetu angejisikia yuko kwao.

Najua utetezi unaokuja: hao ni wakubwa, tuache mambo ya makaisari. Haya, twende kwa wadogo, maana huko ndiko moyo wangu uliko. Mwaka 1816 huko Lanuvium, mji mdogo kusini mwa Roma, lilipatikana bamba la marumaru lenye katiba ya chama. Ni ya mwaka 136, na wanachama walikuwa watu wa kawaida, watumwa wakiwemo. Kwa jina la heshima kilikuwa chama cha ibada, chini ya mungu wa kike Diana na Antinous, yule kijana kipenzi cha Kaisari Hadrian aliyefia katika mto Nile. Ukisoma vifungu unakuta ni kufa na kuzikana tupu.

Kiingilio, sesterti 100 na mtungi wa divai nzuri. Ada ya mwezi, asi 5, sarafu ndogo, yaani sesterti moja na robo. Ukifa hudaiwi, chama kinatoa sesterti 300, na ndani ya hizo 50 zinagawiwa palepale penye moto wa kukuchomea kwa wanachama waliokusindikiza. Msafara ni wa miguu, imeandikwa. Ukifia mbali zaidi ya maili 20, habari ikifika wanachaguliwa watu watatu waende wakakuzike. Wanapewa sesterti 20 kila mmoja za kwenda na kurudi, na wakirudi wanatoa hesabu mbele ya wanachama. Aliyechakachua analipa mara nne. Mweka hazina wetu wa mwaka juzi angefilisika.

Kuna kifungu kimoja nilikisoma nikalazimika kuweka simu chini. Mwanachama mtumwa akifa, na bwana wake kwa roho mbaya akakatalia maiti, chama kitamfanyia mazishi ya kuigiza, bila mwili. Mtu ambaye sheria ya nchi ilimhesabu kama mali, hata maiti yake si yake, alikuwa na wenzake walioapa kwamba msiba wake utakuwepo hata kama yeye mwenyewe hayupo. Niambie tena habari za kupoteza muda.

Na walikula! Karamu kadhaa kwa mwaka, wanne wanne kwa zamu ya kuandaa, kila mtu mkate wake na sadini wanne. Faini nazo zipo. Anayehamahama kiti na kuleta fujo, sesterti 4. Anayemtukana mwenzake, 12. Anayemtukana mwenyekiti katikati ya mlo, 20. Mwenye lalamiko alilete kwenye kikao, ili siku ya karamu watu wale kwa amani. Naapa katibu aliyeandika hiyo alikuwa na shangazi mtaani kwetu.

Sisemi walikuwa malaika. Katiba ileile inasema aliyejiua hazikwi na chama, ukatili mtupu. Na huko Roma, enzi za kabla yao, maskini asiye na chama wala ndugu aliishia kwenye mashimo ya kilima cha Esquiline, nje ya ukuta, pamoja na taka.

Sasa hiyo nusu saa inayosifiwa. Naishi Uingereza, na nimeihudhuria, ya mzee wa nyumba inayotazamana na yangu. Ukumbi wa kuchomea maiti una zamu. Wa kabla yetu walikuwa wanatokea mlango wa pembeni, sisi tunaingilia wa mbele, mpango wa makusudi ili waombolezaji wasionane. Kuna saa ukutani, na msimamizi, mtu mpole kabisa, alikuwa akiitupia jicho kila tulipofungua ukurasa. Zikapigwa nyimbo mbili kutoka kwenye spika. Binti wa marehemu alipolia kwa sauti, watu wakatazama viatu vyao, na mmoja akamsogezea karatasi laini kama mtu anayemkumbusha kitu. Kisha pazia likajifunga lenyewe, kwa mota. Jeneza tulilikuta mbele, hatukulibeba. Udongo wa kutupia haukuwepo wala sufuria ya kukoroga. Mikono yangu ilikuwa mitupu tangu mwanzo hadi mwisho, na nadhani hata ya yule binti.

Msinijibu kwamba ndivyo Wazungu walivyo. Waingereza wa karne ya 19 walikuwa wakilipa watu wasimame mlangoni kwa mfiwa, kimya, wamevaa nyeusi, kazi yao kuhuzunika tu. Malkia Victoria alivaa nyeusi tangu mumewe Albert afariki mwaka 1861 hadi naye akafa mwaka 1901. Kuchoma maiti kwenye tanuri rasmi huko Uingereza kulianzia mji wa Woking mwaka 1885. Leo karibu maiti wanne katika kila watano Uingereza huchomwa. Marekani, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe ndivyo vilivyoeneza kupaka maiti dawa ili arudishwe kwao asiharibike, na mwili wa Rais Lincoln ukazungushwa kwa treni mwaka 1865 watu wakiuaga mji baada ya mji. Baadaye kampuni zikachukua maiti, na bei zikapanda mpaka serikali, mwaka 1984, ikazilazimisha kumpa mfiwa orodha ya bei kitu kwa kitu. Huo ndio utulivu uliostaarabika: mfiwa anahitaji sheria ya kumlinda dhidi ya aliyemkabidhi mama yake.

Na hapa, kwa shingo upande, nampa binamu haki yake kidogo. Gharama zetu zimezidi. Jeneza la kioo, sare za kamati, mpiga video anayesukuma wajane apate picha, siyapendi. Lakini hata hilo Roma ililishughulikia. Sheria za Mbao Kumi na Mbili, sheria za kale za Roma za karibu mwaka 450 KK, ziliweka ukomo: wapiga filimbi 10 basi, vitambaa vya maombolezo 3 basi, dhahabu isizikwe isipokuwa ile iliyofungia meno. Wanawake walikatazwa kujikwaruza mashavu. Ukisoma masharti hayo unaona walipunguza filimbi, vitambaa na dhahabu. Idadi ya wanaokuja kuzika hawakuigusa.

Ulaya ya leo imepunguza watu. Uingereza kuna huduma inayopata wateja mwaka hadi mwaka: kampuni inamchukua marehemu, inamchoma asubuhi yoyote ile, hakuna ibada wala msindikizaji, majivu yanaletwa baadaye. Mwanamuziki David Bowie alichomwa hivyo mwaka 2016, na kwa mtu aliyeishi mbele ya macho ya dunia nzima namwelewa. Lakini siku hizi inatangazwa kwenye televisheni mchana, wakati wazee wako nyumbani. Mama anatabasamu na kikombe chake cha chai, anasema ameshalipia kila kitu, hataki kumsumbua mtu. Yule wa Lanuvium alitoa asi 5 kila mwezi ili siku yake ikifika watu wasumbuke, na 50 katika zile sesterti 300 zilikuwa za usumbufu huohuo, taslimu, kwa kila aliyetembea mpaka penye moto.