Mwalimu Mkuu, Tuandikie

Kila muhula ukianza simu yangu huku Leicester hulia, na anayepiga ni dada yangu kutoka Kisumu. Mwanawe yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni, nami husaidia karo, kwa hiyo mambo ya shule ile nayafuatilia sawa na ya shule ya watoto wangu hapa Uingereza. Baada ya miaka ya kuwa mzazi wa pande zote mbili nina neno moja la kusema. Karo inauma, lakini kinachomdhalilisha zaidi mzazi wa kwetu ni kwamba shule humwambia kila kitu kwa mdomo, akatoka getini bila karatasi yoyote mkononi.

Muhula uliopita wanafunzi waligoma. Vioo vikavunjwa, mlango wa stoo ukang'olewa, wote wakarudishwa nyumbani. Siku ya kurudi, kila mtoto alitakiwa aje na mzazi pamoja na pesa za uharibifu, kiasi kimoja kwa wote, aliyerusha jiwe na aliyekuwa amelala. Dada yangu huuza omena soko la Kibuye. Aliacha meza yake, akapanda matatu alfajiri, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi hadi saa nane mchana. Wazazi wengine walikuwa pale, wengi wao akina mama, kila mmoja na mtoto wake na sanduku la bati miguuni. Zamu yake ilipofika aliuliza kwa upole, “Mwalimu, huyu wangu amepatikana na kosa gani?” Akajibiwa, “Mama, kama hauna pesa sema, watu ni wengi huko nje.” Kijana alikuwa amesimama hapo hapo, anasikia. Dada akatoa nusu, pesa za kununulia mzigo wa wiki ile. Risiti, akaambiwa, atapewa akimaliza kulipa.

Huyu ni mwanamke ambaye sokoni humpunji hata gorogoro moja. Mbele ya meza ile alinyamaza, na namwelewa. Mzazi akishaondoka, mtoto ndiye anayebaki kulala katika bweni lile. Kila mama kwenye lile benchi anaogopa mwanawe asije akawekewa alama kwa sababu ya mdomo wake.

Na si kwamba Kenya hatuna sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inasema mtoto asifungiwe shule ya umma kwa sababu hajalipa malipo ya ziada, na mtu yeyote asikusanye pesa bila kutoa risiti rasmi. Kifungu cha 36 kinakataza viboko pamoja na mateso ya kiakili, na sijui tuite nini kumsimamisha mama mbele ya mwanawe na kumuuliza kama hana pesa. Juu ya yote kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 47 kinampa mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi! Wazazi waliokuwa kwenye benchi lile, hakuna aliyewahi kuambiwa hivyo na shule yoyote.

Wakuu wa shule nao wamebanwa, hilo nalikubali. Mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi wa sekondari uliwekwa shilingi 22,244 kwa mwaka, na Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba kinachowezekana ni kama 16,900. Wauzaji wa mahindi na maharagwe wanadai, wapishi wanadai. Lakini shule iliyokosa pesa inaweza kumweleza mzazi ukweli huo kwenye karatasi yenye muhuri, na wazazi wengi wangeuelewa.

Huku nako nimelia. Mwanangu wa pili alichelewa kusoma. Mwalimu alinishauri tupunguze Kiswahili nyumbani, eti ndicho kinachomchanganya. Hatukupunguza, maana dada yake alilelewa kwa lugha zile zile na alisoma vizuri tu. Tukaomba halmashauri impime mtoto, kama sheria ya 2014 ya watoto na familia inavyoruhusu, ili ajulikane anahitaji msaada gani. Wakakataa. Kukataliwa kuliniuma sana, ila kulikuja kwa barua, na barua ilitaja sababu moja baada ya nyingine. Chini kabisa iliandikwa kwamba nina miezi miwili ya kukata rufaa mbele ya baraza ambalo halmashauri haina amri juu yake, na ada haitozwi. Nilizichukua zile sababu, nikakaa nazo usiku baada ya zamu, nikazijibu. Tulisikilizwa, na mtoto alipimwa. Kazi ambayo sheria inataka imalizike kwa wiki 20 ilipita muda huo mbali sana, na kila wiki niliihesabu kwa hasira. Hata hivyo barua ile ile iliyonikatalia ndiyo iliyonionyesha pa kwenda.

Sitaki Kisumu iige kila kitu cha huku. Mama mkwe alipofariki Seme, tuliomba ruhusa ya kuwapeleka watoto kumzika nyanya yao. Tulipewa siku chache ambazo haziwezi kukufikisha Kisumu na kukurudisha, seuze kukaa matanga. Ukizidisha bila ruhusa, faini yaweza kukufikia: tangu Agosti 2024 ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na usipolipa ndani ya siku 21 inakuwa 160. Aliyepanga siku zile hakujua mazishi ya kwetu ni nini, na hakuuliza. Kikao cha wazazi ni dakika kumi, mwalimu anatazama saa. Mimi nilisoma Manyatta, na mwalimu wangu wa darasa alimwita mama yangu kwa jina. Nilipougua malaria alipita nyumbani jioni kunitazama, akakaa, akanywa chai. Mwalimu wa namna hiyo sijampata huku, na wanangu wamekosa kitu kikubwa.

Ndiyo maana sitaki mtu aniambie karatasi itaua utu wa shule zetu. Mwalimu aliyekuja kunywa chai kwa mama yangu asingeshindwa kumwandikia mistari mitano.

Nilimwambia dada asirudi kwenye benchi lile peke yake. Yeye na wazazi wengine wameandika barua moja, majina yote kwa pamoja ili asijulikane aliyeanza, wakitaka sababu za kila mtoto kutozwa, hesabu ya vitu vilivyoharibika, na risiti ya kila shilingi iliyopokewa. Wametaja kifungu cha 47, pia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Nakala yao imegongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu halijaja. Likikosekana, barua ya pili itakwenda kwa bodi ya elimu ya kaunti, na uamuzi wa bodi hiyo wasiporidhika nao, sheria ya 2013 iliunda baraza la rufaa za elimu. Mzazi yeyote wa huko aliyewahi kulifikia baraza hilo, naomba atueleze alianzia wapi.