Ulimwengu wa kubuni hubaki mikononi mwa nani?

Mwezi Agosti 2017, katika maonyesho ya mitambo ya mvuke huko Dorset, kusini mwa Uingereza, diski ya kompyuta iliyohifadhi kazi ambazo Terry Pratchett hakuwahi kuzikamilisha iliwekwa chini, na mtambo wa zamani wa kushindilia barabara ukapitishwa juu yake. Pratchett alikuwa amefariki Machi 2015 baada ya kuugua aina ya ugonjwa wa Alzheimer, akiwa ameandika riwaya 41 za Discworld, ulimwengu bapa unaobebwa na tembo wanne waliosimama juu ya gamba la kobe mkubwa anayeogelea angani. Kuharibiwa kwa diski hiyo kulikuwa utekelezaji wa matakwa yake mwenyewe. Binti yake, Rhianna, ambaye naye ni mwandishi, alikwisha kutangaza kwamba hataandika riwaya nyingine za Discworld wala hatamruhusu mtu mwingine aziandike.

Miaka michache kabla ya hapo mambo yalikuwa yamekwenda kinyume kabisa. Robert Jordan, Mmarekani aliyeandika mfululizo wa The Wheel of Time, alifariki Septemba 2007 akiwa amechapisha juzuu 11 za mfululizo huo na hadithi haijafika mwisho. Alijua kwamba anaumwa, kwa hiyo aliacha maelezo mengi na hata akaandika mwenyewe tukio la kuhitimisha. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, alimchagua Brandon Sanderson kuendeleza kazi hiyo, na kati ya 2009 na 2013 zikatoka juzuu tatu zilizofunga hadithi. Majina yote mawili, la marehemu na la aliyempokea, yako kwenye majalada.

Mifano hii inaonekana kupingana, lakini inafuata kanuni moja: walio hai wamelitii neno la marehemu. Ugumu unaanza pale ambapo mwandishi hakusema lolote, au alisema mambo mawili yasiyolingana, au aliuza haki zake kwa kampuni, na kampuni haifi kama afavyo mtu. Hapo ndipo yalipo malimwengu ya kubuni yanayojulikana kuliko mengi, yaani Middle-earth ya riwaya za J.R.R. Tolkien na Star Wars ya filamu za George Lucas. Je, malimwengu haya yaendelee kujengwa na watu wengine, au yaachwe kama yalivyo? Kwa maoni yangu yaendelee, ila kwa sharti moja ambalo wenye mali hawalipendi sana, nalo ni kwamba msomaji aonyeshwe waziwazi mahali mkono wa mwanzo ulipokoma na mkono mwingine ulipoanza.

Wanaotetea mwendelezo wana hoja nzito, na ya kwanza ni kwamba mwandishi mwenyewe ndiye mtu wa kwanza kuubadilisha ulimwengu wake. Katika toleo la 1937 la The Hobbit, riwaya ya Tolkien, kiumbe wa pangoni aitwaye Gollum anashindana na Bilbo, mhusika mkuu, kwa vitendawili huku akiwa ameahidi zawadi endapo atashindwa, na zawadi yenyewe ni pete. Anaposhindwa na kuikosa, kwa kuwa Bilbo amekwisha kuiokota, anaomba radhi na kumwonyesha mgeni wake njia ya kutokea. Wakati huo pete ilikuwa kifaa cha kumfanya mvaaji asionekane, basi. Tolkien alipoandika The Lord of the Rings na pete ikageuka kuwa kitu kinachomtawala kila anayeimiliki, haikuwezekana tena kwamba Gollum angekubali kuitoa zawadi. Kwa hiyo katika toleo la 1951 sura hiyo iliandikwa upya: sasa Gollum anakusudia kumwua Bilbo, na anapotambua kwamba pete imekwenda anamlaani kwa chuki isiyo na mwisho. Ufundi mkubwa, hata hivyo, uko katika alivyolitendea simulizi la zamani, kwa sababu hakulitupa. Katika The Lord of the Rings tunaelezwa kwamba lile simulizi la kwanza lilikuwa uongo wa Bilbo mwenyewe, aliousema kwa kuwa pete ilikuwa imeanza kumshika, na kwamba mchawi Gandalf aliutilia shaka tangu mapema. Tofauti kati ya matoleo mawili ya kitabu ikawa ushahidi ndani ya hadithi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi kwa msomaji wa Afrika. Wakanda, nchi ya kubuni inayowekwa Afrika Mashariki, ilitokea mara ya kwanza mwaka 1966 katika jarida la vibonzo la Fantastic Four, kazi ya Wamarekani wawili weupe, Stan Lee na Jack Kirby. Wazo la nchi ya Kiafrika isiyowahi kutawaliwa na mkoloni, yenye teknolojia kuwashinda wageni wake, lilikuwa jambo kubwa kwa wakati huo, na ni haki kulisema. Lakini miaka mitatu baadaye, mwaka 1969, ulimwengu huohuo ulimleta M'Baku, adui aliyevaa ngozi ya sokwe mweupe na kupewa jina la kumfananisha na nyani. Laiti ulimwengu huo ungefungwa mikononi mwa wale walioubuni, tungebaki na Mwafrika huyo hadi leo. Waandishi weusi waliokuja baadaye, Christopher Priest tangu 1998, kisha Reginald Hudlin, kisha Ta-Nehisi Coates tangu 2016, waliichimba nchi hiyo upya, na katika filamu ya Ryan Coogler ya 2018 lile jina la matusi halitajwi kabisa: M'Baku ni kiongozi wa Wajabari, mtu wa milimani mwenye msimamo na busara yake. Filamu hiyo nayo ina kasoro zake, kwa mfano nchi ya Afrika Mashariki kuzungumza isiXhosa, lugha ya kusini kabisa mwa bara, jambo ambalo mtazamaji wa Kisumu au Mwanza hawezi kuacha kuliona. Hata hivyo, siwezi kukubaliana na yeyote anayedai kwamba mwanzilishi daima ndiye mlinzi bora wa alichokianzisha.

Na kwetu jambo hili si geni. Muhammad Kijumwa wa Lamu alipotunga utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, alikuwa anaichukua hadithi iliyokwisha kusimuliwa na kuimbwa pwani kwa vizazi vingi, na hakuhitaji kibali cha mrithi yeyote.

Upande wa pili, hata hivyo, haupingi mwendelezo kwa ukaidi tu. Tazama tamthilia ya The Rings of Power, iliyoanza kuonyeshwa na Amazon Septemba 2022. Haki ilizonunua kampuni hiyo zilihusu The Lord of the Rings pamoja na viambatisho vyake, na The Hobbit, lakini hazikuhusu The Silmarillion, kitabu ambamo Enzi ya Pili, yaani kipindi cha kale cha Middle-earth ambacho tamthilia inakionyesha, imesimuliwa kwa upana zaidi. Maana yake ni kwamba mipaka ya mkataba ndiyo iliyochora mipaka ya ulimwengu: jambo lililotajwa katika viambatisho likatumika, na jambo lililo katika kitabu kingine likarukwa au likabuniwa upya. Pili, Enzi ya Pili ya Tolkien ina urefu wa zaidi ya miaka 3,400, na kati ya kufuliwa kwa pete na kuzama kwa kisiwa cha Númenor inapita miaka ipatayo 1,700. Tamthilia imeyabana yote hayo yatoshe katika umri wa mtu mmoja. Watayarishaji walijitetea kwamba bila kufanya hivyo wahusika wa kibinadamu wangekuwa wanakufa na kubadilishwa kila msimu, na kwa mtu anayefanya kazi ya runinga utetezi huo una mantiki.

Lakini kilichopotea si tarehe. Anguko la Númenor, kwa jinsi Tolkien alivyolipanga, ni hadithi ya watu wanaoogopa kifo, hofu ambayo inakua polepole kizazi baada ya kizazi. Wafalme wa mwanzo wanaiachia roho kwa hiari wakati wao unapofika. Wa baadaye wanang'ang'ania uhai hata akili inapowatoka, wanajenga makaburi makubwa kuliko nyumba, na wanawaonea wivu Waelfu, viumbe ambao miaka haiwagusi. Urefu wa muda ndio kiini cha msiba wenyewe. Ukiufupisha, hofu ya kifo inageuka kuwa ugomvi wa kisiasa wa miezi kadhaa, na mtazamaji ambaye hajasoma kitabu hawezi kujua kwamba kuna kitu kimeondolewa. Hili ndilo linalonisumbua kuliko mhusika huyu au yule aliyeongezwa.

Watetezi wa tamthilia hiyo hupenda kuitaja barua ambayo Tolkien alimwandikia mchapishaji Milton Waldman mnamo 1951. Ndani yake anaeleza kwamba zamani alitamani kuzisimulia kikamilifu baadhi ya hadithi kuu na kuziacha nyingine zikiwa zimechorwa kwa mbali tu, ili watu wengine wazijaze kwa rangi, muziki na maigizo. Ni kweli aliandika hivyo. Ni kweli pia kwamba mara baada ya sentensi hiyo aliongeza neno moja la kulikana wazo lenyewe kuwa ni upuuzi, na wengi wanaoitaja barua huliacha neno hilo. Isitoshe, mwandishi huyohuyo aliuza haki za filamu mwaka 1969 akiwa na akili zake timamu. Kwa hiyo hakuna upande unaoweza kumsimamisha Tolkien kama shahidi wake bila kuficha nusu ya ushahidi.

Kwa upande wa Star Wars, aliyeanza kufuta alikuwa mwanzilishi. Mwaka 1997 Lucas alizitoa upya filamu zake za kwanza zikiwa zimebadilishwa. Katika ile ya 1977 Han Solo, mmoja wa mashujaa, anampiga risasi adui yake Greedo kabla ya kupigwa, na katika ile mpya Greedo ndiye anayefyatua kwanza. Toleo jipya likawa ndilo linalouzwa, na la zamani likawa adimu. Tolkien alibadilisha na kuacha mshono uonekane. Lucas alibadilisha na kuushona upya kwa ndani. Kisha, Oktoba 2012, kampuni ya Disney ilitangaza kuinunua Lucasfilm kwa zaidi ya dola bilioni 4, na Aprili 2014 ikatangazwa kwamba riwaya na vibonzo vilivyokuwa vimeendeleza hadithi kwa miongo kadhaa havitahesabiwa tena kuwa sehemu ya simulizi rasmi, bali vitachapishwa chini ya lebo ya Legends.

Uamuzi huo uliwaumiza watu ambao walikuwa wameukulia ulimwengu huo vitabuni. Riwaya ya Timothy Zahn ya 1991, Heir to the Empire, ndiyo iliyoupa mji mkuu wa galaksi jina la Coruscant, jina ambalo Lucas mwenyewe alilichukua na kulitumia katika filamu yake ya 1999. Chewbacca, rafiki wa Han Solo, alikuwa amekwisha kufa katika riwaya ya mwaka huohuo. Katika filamu ya 2015 yu hai. Upande wa kampuni unajibu kwamba mwandishi wa filamu hawezi kufungwa na rundo la riwaya ambazo watazamaji wengi hawajazisoma, na jibu hilo nalikubali. Zaidi ya hapo, lebo yenyewe ilikuwa ya haki: vitabu vilibaki madukani, na msomaji aliambiwa hadhi yake. Nisichokikubali ni mwenye mali kupewa mamlaka ya kutangaza kwa tamko moja kipi kilitokea na kipi hakikutokea, kisha kurudi kulekule alikofuta na kuchukua kinachomfaa, kama ilivyokuwa kwa Thrawn, mhusika wa Zahn, aliyerejeshwa katika katuni ya Rebels mwaka 2016.

Mfano wa mrithi ninaouheshimu kuliko yote ni Christopher Tolkien. Mwaka 1977, akisaidiwa na Guy Gavriel Kay, alitoa The Silmarillion kutoka katika miswada ya baba yake iliyopishana, akiifanya isomeke kama kitabu kimoja. Sehemu ya anguko la Doriath, ufalme wa Waelfu, haikuwa na mswada uliokamilika, wakalazimika kuitunga. Christopher angeweza kunyamaza, na wachache mno wangegundua. Badala yake, kati ya 1983 na 1996 alichapisha juzuu 12 zinazoonyesha rasimu moja baada ya nyingine, na katika juzuu ya 1994 akaeleza wazi kwamba sura ile ilikuwa kazi yao na kwamba walikuwa wamevuka mpaka wa mhariri. Ukubwa wa mrithi huyo uko katika kuuacha mlango wa karakana wazi.

Suala hili limekwisha kufika Afrika Mashariki kisheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda kazi ya fasihi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi, na Uingereza huilinda kwa miaka 70. Tolkien alifariki Septemba 1973. Vitabu alivyovichapisha akiwa hai, basi, viliisha muda wa ulinzi nchini Kenya mwishoni mwa 2023, ilhali Uingereza vitalindwa hadi mwisho wa 2043. Alama za biashara na vitabu alivyovihariri Christopher ni suala jingine. Na ndani ya vitabu hivyo mna pengo linaloita. Katika The Two Towers, juzuu ya pili ya The Lord of the Rings, Sam, mmoja wa mashujaa, anauona mwili wa askari wa Harad, nchi za kusini ambazo watu wake weusi wanatokea karibu kila mara wakiwa maadui, na anajiuliza jina lake nani, alitoka wapi, na ni uongo gani au vitisho gani vilivyomtoa kwao akaja kufia ugenini. Tolkien hakumjibu Sam. Mtunzi wa Mombasa au wa Nairobi ana kila sababu ya kujaribu kumjibu, mradi jina lake mwenyewe liwe juu ya jalada, na dibaji iseme kwamba Tolkien aliuliza swali na jibu ni la mtu mwingine.