Chungwa Kiunoni

Mimi si mtu wa makuu kwenye mavazi. Nipe kikoi na fulana, siku yangu imekwisha. Sasa hapa Glasgow, Uskoti, mwenzangu wa kazini alikuwa anaoa, mwaliko ukasema wanaume wote waje na kilti, ile sketi ya miraba ya wanaume wa huku. Nikajiambia, mtoto wa Mombasa atashindwaje na nguo ya kiunoni? Msuli nimelala nao, nimekimbizwa na mbwa nao, na haujaanguka hata siku moja.

Kosa langu lilikuwa kuchelewa. Nilifika duka la kukodisha siku tatu kabla ya harusi. Jamaa akanizungushia futi kiunoni, akashusha pumzi, akasema ya saizi yangu imebaki moja. Akaileta.

Chungwa! Na si chungwa la kamstari kembamba katikati ya kijani kibichi, hilo naliweza, kama pilipili pembeni ya sahani. Hili lilikuwa la miraba mipana, kandokando buluu ya angani, rangi ambayo hata ukifumba macho unaiona. Nikauliza, mbona ya chungwa? Akanisahihisha kwa upole wa ustadhi wa madrasa: "Hiyo ni nyekundu. Nyekundu ya kale."

Kumbe tartani, yaani hicho kitambaa cha miraba, ileile moja hufumwa kwa rangi tofauti. Kuna "ya kisasa", nyekundu yake ni nyekundu na buluu yake inakaribia weusi. Kuna ile wanayosema imepigwa na jua na mvua, imefifia kama iliyofukuliwa matopeni. Halafu ndiyo hiyo "ya kale", inaiga rangi za zamani za mimea, na humo nyekundu inageuka chungwa. Kitambaa chenyewe cha kale wapi, kimetoka kiwandani juzi! Hebu nenda soko la Kongowea na gunia la machungwa, waambie haya ni matufaha ya kale, uone kama utarudi na kofia yako.

Nikaichukua. Ningefanyaje? Mke wangu alipoiona alikaa kitandani akacheka mpaka akaomba maji.

Mengine sikuyalalamikia. Yadi nane za sufu, nyumbani hapo mtu anashona mapazia ya sebule na foronya juu, mimi nimezifunga kiunoni. Nyuma marinda kama sketi ya msichana wa sekondari, mbele bapa, na mkoba wa ngozi unaning'inia mahali ambapo mkoba hauna kazi. Kisu kidogo ndani ya soksi. Sawa. Sufu inawasha, lakini unajikuna na maisha yanaendelea. Rangi unaikuna vipi?

Na mimi na chungwa tuna historia. Mwaka 2005, kwenye kura ya maoni ya katiba kule Kenya, Ndiyo ilikuwa ndizi, La ikawa chungwa. Chungwa likashinda, likazaa chama, na tangu hapo ukivaa shati la rangi hiyo unaulizwa unagombea kiti gani. Nikapanda ndege nikaja huku nipumzike na siasa za matunda. Lahaula! Kila Julai hapa kuna watu wanaandamana kwa ngoma na filimbi, wamevaa mikanda ya chungwa shingoni, wakimkumbuka mfalme William wa Orange aliyeshinda vita Ireland mwaka 1690. Ukijaribu kuuliza zaidi, dakika mbili umeshafika kwenye Waprotestanti na Wakatoliki, ya tatu uko kwenye timu za mpira, Rangers na Celtic, na ya nne unatafuta mlango.

Basi asubuhi ya harusi nimesimama kituoni, Mwislamu wa Mji wa Kale, nawaka kama jiko la makaa. Mzee mmoja akanipandisha macho kuanzia soksi mpaka kidevu. "Kijana, wewe uko upande gani?" Nikamjibu, upande huuhuu mzee, basi langu linasimama hapa.

Nikampigia mama video. Akanyamaza, akasogeza simu puani.

"Mwanangu, hiyo shuka umempora Mmasai gani?"

"Mama, hili ni vazi la heshima. Mwaka 1746 Bunge la London lililipiga marufuku, ukikamatwa nalo jela miezi sita. Marufuku yenyewe ilikaa miaka 36!"

"Walikataza hiyo rangi?"

"La, vazi lote."

"Wangeanza na rangi."

Nikajiliwaza na Mfalme George wa Nne, aliyekuja Edinburgh mwaka 1822 akavaa kilti na soksi ndefu za pinki mpaka mapajani, wachoraji wa vibonzo wakala naye sahani moja. Angalau mimi miguu yangu ni ya Mungu.

Harusini sikujificha. Kila picha, bibi harusi katikati, mimi nyuma kama taa ya barabarani. Ikaja ngoma yao ya kushikana mikono na kuzungushana mbiombio, na mimi nilikuwa nimeshika glasi ya Irn-Bru, ile soda yao inayong'aa chungwa. Shangazi mmoja akanipitia kwa bega la kuume. Glasi nzima ikaishia mapajani.

Jumatatu nikairudisha kilti roho mkononi, maana risiti ilisema wazi: doa, unalipa. Jamaa akaitandaza kaunta. Akafungua marinda moja moja. Akageuza mbele, akavaa miwani, akainama.

"Umeitunza vizuri sana," akasema.