Bada Yangu na Kifuniko cha Hotipoti

Mimi ni karani wa masijala, na kwa asili ni Mzaramo wa Kisarawe, jambo ambalo halikuwahi kunigharimu hata shilingi moja mpaka pale idara ya utawala ilipobandika tangazo ubaoni kwamba Ijumaa ni siku ya vyakula vya asili, na kwamba kila kabila lilete chakula cha kwao cha kutosha watu 20. Nchi hii ina makabila zaidi ya 120, lakini ofisi yetu, iliyojengwa Dar es Salaam, yaani juu ya ardhi ya mababu zangu, ina Mzaramo mmoja tu. Wasukuma walikuwa 6, wakachangishana; Wahaya nao hali kadhalika. Mimi niliunda kamati ambayo mwenyekiti, mweka hazina na mchangiaji walikuwa mtu yule yule.

Nilipotaja wali wa nazi, niliambiwa kuwa huo ni wa pwani nzima na hauna kabila. Ndipo nikampigia simu shangazi yangu Maneromango, naye akanijibu bila kufikiri: "Mwanangu, wapelekee bada na kisamvu cha nazi." Bada, kwa asiyeijua, ni ugali wa unga wa muhogo, ikiwa ya moto ni neema, ikipoa unaweza kuzibia nayo ufa wa ukuta. Kwa sababu hiyo ililazimu itoke hotipoti ya mke wangu, aliyozawadiwa kwenye kicheni pati yake, ambayo tangu siku hiyo hutolewa kabatini wakati wa Idi tu. Mke wangu alitwanga kisamvu, mimi nikakaa juu ya mbuzi kukuna nazi mpaka usiku wa manane, na asubuhi kondakta wa daladala akaidai hotipoti nauli, kwa madai kwamba imekaa kuliko abiria waliosimama.

Ukumbini, mtani wangu Msukuma wa uhasibu alinipokea kwa sauti ya kusikika mpaka getini. "Mtani, leo umeleta chakula, au umetuletea ngoma tucheze na njaa zetu?"

"Mtani," nikamjibu, "babu zako walifika pwani hii na mizigo vichwani, wakapewa bada hii hii, wakala wakanyamaza."

Hakunyamaza. Wala hatukula upesi, kwani bosi, aliyekuwa mgeni rasmi, alihutubia kwa dakika 40 kuhusu kuulinda utamaduni usipotee, huku mtori ukiganda na mlenda ukizidi kuwa mlenda. Mama mmoja wa Bukoba aliyeleta senene alisimama nyuma ya bakuli lake kama mlinzi wa benki, akimhesabia kila mtu wawili wawili. Nilipoomba wa tatu, aliniuliza kama kwetu Kisarawe kuna msimu wa senene.

Zawadi ya chakula bora ilikwenda kwa kijana wa kompyuta aliyeleta chipsi mayai. Alijitetea kwamba amezaliwa Sinza, amekulia Sinza, na kwamba hicho ndicho chakula alichokikuta hapo. Majaji walikubali, huku midomo yao ikiwa imejaa ushahidi. Bada yangu iliisha pia, nakiri, ingawa aliyekula nyingi ni yule mtani, aliyerudi kuongeza mara tatu akidai kwamba anaikagua.

Ilipofika jioni, utamaduni ulikuwa salama. Kilichopotea ni kifuniko cha hotipoti. Nilimwambia mke wangu kwamba kimebaki ofisini kwa maonyesho, naye akaniuliza maonyesho hayo yanafungwa lini. Jumatatu, nilipopeleka majalada kwa bosi, nilikiona mezani pake, kimegeuzwa chali, kimejaa klipu za karatasi.

Kwa utaratibu wa ofisi yetu, mtumishi aliyepotelewa na mali yake huandika dokezo, na dokezo hilo hupitia kwa bosi. Nimekwisha kuliandika, na jalada nimelifungua mwenyewe. Naomba kuwasilisha.