Ukwaju Haruhusiwi

Ramadhani ya 2024 iliangukia Machi, na joto la Mombasa la Machi mwalijua: ukitoka kuoga wajifuta maji, ukimaliza wajifuta jasho. Mimi kazi yangu ni stoo ya dawa za utafiti. Kuna sindano inayojaribiwa kwa watu, na ufunguo wa friji yake ninao mimi.

Watu hudhani kazi hii ni kugawa dawa. Ni kuhesabu. Maboksi yanafanana kama mayai. Lipi lina dawa na lipi lina maji yasiyo na dawa, ya kulinganishia tu, mimi sijui, daktari hajui, mgonjwa hajui. Kila boksi lina nambari yake tu. Mshiriki akija, kompyuta ndiyo hutaja nambari, na ukimpa la jirani yake kwa sababu liko karibu na mkono, umeharibu. Tena yote yakae kati ya digrii 2 na 8. Humo ndani kuna kidude kinachoandika joto usiku na mchana. Hakisinzii, wala hakili rushwa.

Siku hiyo mke wangu alinifungia dumu la lita tatu la ukwaju. Friji ya jikoni pale kazini ilikuwa imekufa tangu Shaabani. Saa tisa alasiri nikajiambia, ah, dumu moja tu, nitalitoa kabla ya magharibi. Nikalisukuma katikati ya maboksi, mlango ukasema "kh", nikaenda zangu.

Adhana ilinikuta kwenye feri ya Likoni na tende moja mfukoni. Hapo ndipo nilipoukumbuka ukwaju. Niliukumbuka kwa kiu, wala friji haikunijia akilini. Nikaingia tarawehe, simu nikaizima sauti.

Kutoka, nakuta daktari amepiga mara kumi na saba.

Nilivuka tena mbio. Mlango wa friji uko wazi upana wa kidole, dumu limeuzuia, digrii 14. Maboksi 52 yote karantini: hayatupwi, lakini hayaguswi mpaka wenye utafiti wao, huko Ulaya, watoe uamuzi. Na fomu ijazwe usiku huo huo, kwa Kiingereza. Sasa saa saba za usiku, tumbo tupu, Kiingereza cha ukwaju kikanipotea kabisa. Nikaandika kwa Kiingereza changu, ukwaju nikauacha kwa Kiswahili: "Ukwaju aliachwa ndani ya friji kwa bahati mbaya." Sentensi ilianza naye, basi akapata na herufi kubwa.

Asubuhi akaja bibi mmoja kutoka Kongowea, ndiyo zamu yake ya sindano. Kompyuta ikakataa kutoa nambari.

"Mwanangu, si maboksi hayo nayaona?"

"Yako karantini, bibi."

Akajifunika buibui puani. "Yameshikwa na korona?"

Nilikuwa bado namweleza jibu lilipoingia kutoka Ulaya. Walisikitika sana. Waliuliza kama Ukwaju yuko salama, alikaa humo saa ngapi, na ameonwa na daktari? Pia jina lake halimo kwenye orodha ya walioruhusiwa kushika dawa, kwa hiyo tafadhali tutume cheti chake cha mafunzo na sahihi yake.

Daktari wetu aliisoma mara mbili, akatoka nje, akasimama chini ya mwarobaini mabega yakimtikisika. Wallahi nilidhani analia.

Nikaandika upya: ni kinywaji, kinatokana na tunda la mti. Wakauliza kilikuwa kiasi gani na sasa kiko wapi. Kilikuwa lita tatu, nikajibu, na mlinzi amekifuturia. Chombo kitupu kimerejeshwa. Hesabu yangu pekee ya wiki ile iliyokubaliwa bila swali.

Siku ya nne, baada ya kupima joto lilifika wapi na kwa muda gani, waliyaachilia maboksi yote. Bibi wa Kongowea akapigiwa simu, akauliza kwanza kama wamepona.

Mimi nikarudishwa mafunzoni, na friji ikabandikwa tangazo. Limechapwa na daktari mwenyewe, mtu wa Mji wa Kale, Kiswahili chake hakina doa:

UKWAJU HARUHUSIWI KUINGIA HUMU.

Nilimwambia ni "hauruhusiwi". Akasema anajua.