Chumba cha kununia

Miaka tisa niko Leeds na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniambia nimenenepa. Ukiwa mtu wa Mwanza unajua hilo si jambo la kawaida. Nikishuka tu uwanja wa ndege, wifi yangu ananishika mkono, anaubonyeza kama anapima parachichi, anatangaza mbele ya watu: "Wifi, kumbe huko mnakula!" Pale Kirumba Mwaloni muuza dagaa asiyenijua ananiita bonge langu, ananiongezea kiganja kimoja cha nyongeza. Siku mbili hazijaisha, mwili wangu umeshapita kwenye vinywa vya nusu ya Ilemela.

Zamani yalinikera sana. Mtu unatoka zako kusuka, unaambiwa umekwisha, unaumwa? Wiki ijayo umejaa, mambo yako mazuri. Nilipofika Uingereza nikashusha pumzi. Huku kuutaja mwili wa mwenzako ni kukosa adabu, mtu anaweza hata kuitwa ofisini kwa ajili hiyo. Mwaka wa kwanza nilistarehe. Wa tatu nikaanza kusikia kile kimya. Hakuna anayesema umeharibika, sawa, lakini pia hakuna anayekwambia leo umependeza, hilo gauni limekukaa. Unabaki wewe na kioo cha bafuni na matangazo ya pembeni ya basi. Kufika mwaka wa sita nilikuwa naoga taa imezimwa. Habari hii ni ya mwili huo, na siku nilipokwenda kuupiga picha.

Nina kovu. Linaanza bega la kulia linashuka mgongoni mpaka karibu na kiuno. Nilikuwa na miaka 11, kwa shangazi kule Igombe, nimeinama nachochea kuni, mtu akaligonga karai la mafuta ya kukaangia sato. Nililala hospitali ya Bugando wiki sita. Nyumbani kovu hilo ni kama jina la ukoo, "yule wa moto, mtoto wa kwa nanihii", na watoto waliligusa na kuuliza. Leeds hakuna aliyeliona hata siku moja, na nadhani ndiyo maana lilizidi kukua.

Mwenzangu wa zamu ya usiku, tunalea wazee pamoja, alipotimiza miaka 50 alikuja na albamu ndani ya mfuko wa sokoni. Alinionyesha saa tisa usiku, chumba cha chai, mlango tumeufunga. Alikuwa yeye, na shati la mume wake aliyefariki, na soksi, kitandani, anacheka. Hapo ndipo nilipolisikia neno budwa, jina la picha za namna hiyo, mwanamke chumbani na nguo chache, anapigwa kwa ajili yake mwenyewe. Ni la Kifaransa, boudoir, chumba cha faragha cha mwanamke wa nyumba kubwa, na limetokana na kitenzi cha kununa. Chumba cha kununia! Nilicheka peke yangu kwenye basi la asubuhi. Bibi zetu nao walikuwa na jiko, mwanaume haingii, na mle ndani walinuna vizuri tu.

Nikaenda kupigwa zangu. Mpiga picha ni mama wa miaka kama sitini, ana chumba juu ya kinyozi, dirisha kubwa lenye pazia jeupe, hita inanguruma. Nilibeba kanga yangu, ile iliyoandikwa "Usilolijua ni usiku wa kiza". Alinikalisha kando ya dirisha akazunguka nyuma yangu, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama anayeuliza chai ya maziwa au ya rangi: "Hili kovu tulifiche au tulipige?" Akanieleza. Mwanga ukija kwa mbele ngozi inalainika, mabonde yanafutika. Ukija kwa pembeni, kila tuta linajitokeza na kivuli chake. Uchaguzi ni wangu. Tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza swali hilo. Nikamwambia tulipige.

Saa mbili nzima. Watu wanadhani ni kujilaza na kurembua macho. Ni kazi ya shamba. Kidevu mbele, mbele zaidi, kama kobe. Nyonga nyuma. Vidole legeza, unashika nini, hakuna mtu anayekuibia. Vuta pumzi, toa nusu, baki hapo. Kesho yake kiuno kiliniuma kama nimetoka kupalilia pamba. Na muda wote huo anasema anachokiona, kwa sauti: shingo hiyo, hapo hapo, huo mgongo, usiondoke. Katikati ya saa ya pili nikagundua kwamba nimesahau kuvuta kanga ifunike.

Sasa niseme na lingine, maana wanaozisifu picha hizi mitandaoni huliruka. Wiki mbili baadaye unaitwa kuziona picha. Chumba kina giza, kochi laini, muziki wa chini chini, tishu zimeshawekwa mezani. Picha zinapita kwenye skrini kubwa, unalia, na machozi hayajakauka unaletewa karatasi ya bei. Kupigwa picha nililipa pauni 95. Picha moja iliyochapishwa pauni 45. Albamu 850. Nilichukua tatu nikaondoka. Mwenzangu albamu yake aliilipa kidogo kidogo kwa miezi kumi. Mimi sikatai mtu kuishi kwa kazi yake, lakini kumuuzia mtu mgongo wake mwenyewe akiwa bado analia, hiyo tuiite biashara na tusiipambe kwa maneno ya kumkomboa mwanamke.

Nilipoandika habari hii kwenye kundi la familia, mdogo wangu wa Nyegezi alijibu kabla sijaweka simu chini: "Dada, hayo ya Wazungu." Ya Wazungu kweli? Mabinti wangapi wanapigwa picha za kuzaliwa wakiwa na gauni la kulalia la hariri na maputo, chumba cha hoteli kimekodiwa kwa saa? Picha za mimba, tumbo wazi, juu ya mawe ya Capri Point, upepo wa ziwa unapeperusha shela? Budwa iko Mwanza tayari, imevaa jina la bethdei. Tofauti ninayoiona mimi ni nani anabaki na picha.

Mwaka 1996 dada yetu mkubwa alipiga picha studio moja ya mjini, ile yenye pazia lililochorwa ngazi na maua. Alivaa gauni la mabega wazi la kuazima. Mwenye studio aliikuza picha akaibandika dirishani bila kumuuliza. Ilikaa pale miaka miwili, jua likaila mpaka uso ukawa wa bluu. Vijana walisimama kuitazama wakitoka sokoni. Baba alipoiona hakwenda kwa mwenye studio. Alirudi nyumbani akamwuliza dada, na wewe ulipiga ya nini?

Swali hilo bado linaishi. Dirisha limekuwa stetasi ya WhatsApp, basi. Yule mama wa Leeds, kabla hajagusa kamera, alinipa mkataba wenye visanduku vitatu: zionyeshwe, zionyeshwe bila uso, zisionyeshwe kabisa. Nyuma yake kuna sheria ya hakimiliki ya 1988, inayosema picha ni mali ya aliyepiga, lakini aliyeiagiza kwa matumizi yake binafsi ana haki ya kukataa isitangazwe. Na tangu 2015 kule England kusambaza picha ya utupu ya mtu bila ridhaa yake ili kumuumiza ni jinai. Kwetu nako hatuko mikono mitupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023 na tume yake ipo. Ila binti wa Igoma picha yake ikivuja, kabla hajafika kwenye tume yoyote ameshapita kwa mama, kwa mchungaji, kwa bosi, na kila mlango anafunguliwa kwa swali lile lile la baba. Kwa hiyo mdogo wangu akiniuliza kama apige, nitamwambia: apige mwanamke mwenzako unayemfahamu, memori kadi uondoke nayo wewe, na hakuna kutumiana kwa simu. Kama hayo hayapo, subiri.

Na kuna jambo lilinikaa rohoni njiani kurudi. Kile alichonifanyia yule mama, kunitazama muda mrefu na kusema anachokiona, sisi tunacho. Usiku wa kuamkia kichen pati bibi harusi anasuguliwa na shangazi na somo, anavuliwa aibu kwa utani, haya mapaja ulimfichia nani, na hakuna kamera ndani. Nani Mwanza hajui? Lakini ni mara moja, na ni kwa sababu kuna mwanaume anamsubiri. Mwanamke wa miaka 44 aliyeachika, ana watoto watatu na kovu, nani anamsugua? Yule mama wa Leeds hakuniuliza mimi ni mke wa nani. Aliniuliza kama hita inatosha.

Desemba nilikwenda Igombe na picha moja ya karatasi, imefungwa ndani ya gazeti. Ni ya mgongo. Kanga imeshuka kiunoni na maandishi yanaonekana nusu, "usiku wa kiza". Kovu limepokea mwanga wa dirisha linang'aa kama jiwe lililonyeshewa. Shangazi alivaa miwani, akaitazama mpaka nikaanza kujuta. Akapitisha kidole juu ya bega.

"Hapa ndipo ulipokuwa ukilia sana nikikupaka asali."

"Ndiyo, shangazi."

"Na kanga umeifunga kama mtu anayetoka kuoga. Nani alikufundisha?"

Akaigeuza kuona kama nyuma kumeandikwa kitu, akairudisha ndani ya gazeti, akakunja pembe zake vizuri. Akachungulia nje kama wajukuu wako mbali.

"Huyo mama," akasema, "anapiga na wazee?"